Selman Waksman na Herufi Moja ya Ribosomu

Kabla ya mwaka 1944 mgonjwa wa kifua kikuu hakuwa na dawa. Alikuwa na kitanda, hewa safi, chakula chenye mafuta na subira. Na iwapo madaktari wake walikuwa hodari, walilisinyaza pafu lake moja kwa makusudi ili lipate kupumzika. Aliyeibadilisha hali hiyo hakuwa daktari, wala hakuwahi kumtibu mgonjwa yeyote. Alikuwa mwalimu katika chuo cha kilimo ambaye ujana wake wote aliutumia kuchunguza udongo wa mashamba. Mtu huyo ni Selman Abraham Waksman.

Maisha yake yamezoeleka kusimuliwa kama kisa cha ushindi. Kisa hicho ni cha kweli ila hakijakamilika, kwa kuwa dawa iliyompa umaarufu ilianza kushindwa ndani ya miaka michache tu, na chanzo kimojawapo cha kushindwa huko kilikuwa kitu kidogo mno, hata Waksman mwenyewe akafariki kabla hakijafahamika.

Waksman alizaliwa tarehe 22 Julai 1888 katika kijiji cha Nova Pryluka, wakati huo kikiwa chini ya Milki ya Urusi na leo kikiwa nchini Ukraine. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Mama yake, Fradia, alikuwa mfanyabiashara, naye ndiye aliyemsukuma mwanawe kusoma. Kijana wa Kiyahudi katika Urusi ya siku zile alifungiwa milango mingi ya elimu, na Waksman alilazimika kujisomea na kufanya mtihani wa shule ya upili mjini Odessa akiwa mtahiniwa wa nje. Mama yake alifariki mwaka 1909. Mwaka uliofuata, akiwa na cheti mkononi na bila cha kumzuia nyumbani, alivuka bahari hadi Marekani na kupokewa na jamaa zake waliokuwa na shamba dogo katika jimbo la New Jersey.

Shamba hilo ndilo lililoamua mengine yote. Jirani yake palikuwa na Chuo cha Rutgers, na mkuu wa kilimo chuoni humo, Jacob Lipman, alikuwa mhamiaji kutoka Urusi kama yeye. Waksman aliingia Rutgers mwaka 1911 na kuhitimu mwaka 1915. Akiwa bado mwanafunzi alichimba mitaro shambani, akachukua udongo wa tabaka mbalimbali, kisha akahesabu vijiumbe waliomo katika kila tabaka. Kazi hiyo ilichosha na haikumvutia karibu mtu yeyote mwingine. Kundi moja la vijiumbe lilimshika: aktinomiseti, bakteria wanaoota nyuzi kama kuvu. Kila aliyewahi kuvuta harufu ya ardhi mvua za kwanza zinapolowesha vumbi amekwisha kukutana nao bila kujua, maana harufu hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na viumbe hao. Mwaka 1916 alikuwa miongoni mwa waliomfafanua mmoja wao, ambaye baadaye alikuja kuitwa Streptomyces griseus. Mwaka huohuo alipata uraia wa Marekani na kumwoa Deborah Mitnik. Shahada ya uzamifu aliipata katika Chuo Kikuu cha California mwaka 1918, kisha akarejea Rutgers, na huko ndiko alikofanyia kazi hadi kustaafu kwake.

Kwa takriban miaka ishirini alikuwa mtaalamu wa mboji, mboleo na rutuba. Kitabu chake kikubwa kuhusu elimu ya vijiumbe wa udongo kilitoka mwaka 1927. Geuko lilikuja mwaka 1939, pale René Dubos, aliyekuwa mwanafunzi wake, alipopata kutoka kwa bakteria wa udongo kemikali inayoua bakteria wengine. Waksman alitambua mara moja kwamba alikuwa ameketi juu ya hazina. Aliwapanga wanafunzi wake wa uzamili kama wavuvi wanaokokota juya moja: kila mmoja alikuza vijiumbe kutoka katika udongo, akawajaribu dhidi ya viini vya magonjwa, akatupa maelfu na kubakiza wachache. Mwaka 1940 waliipata aktinomisini, lakini ilikuwa sumu kali mno kwa wanyama. Mwaka 1942 waliipata streptothrisini, nayo ikaharibu figo.

Ni katika miaka hiyo ndipo Waksman alipoipa taaluma istilahi ya antibiotiki. Kiswahili kimekuja na kiuavijasumu, neno linalotazama athari: kinachoua. Waksman alitazama asili. Kwake antibiotiki ilikuwa kemikali iliyotengenezwa na kijiumbe na yenye uwezo wa kumzuia au kumwangamiza kijiumbe mwingine, na dawa iliyobuniwa na mwanakemia haikustahili jina hilo. Tofauti hiyo imesahaulika katika matumizi ya kila siku, ingawa ndiyo iliyoongoza utafiti wake wote.

Katikati ya mwaka 1943 alirejea katika maabara hiyo kijana aitwaye Albert Schatz, aliyekuwa ameruhusiwa kutoka jeshini kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Alilipwa dola 40 kwa mwezi. Schatz aliomba kutafuta dawa dhidi ya bakteria wa kifua kikuu, na kwa kuwa viini hivyo viliogopwa, alifanyia kazi peke yake katika chumba cha chini ya jengo, mara nyingi akilala humohumo. Tarehe 19 Oktoba 1943 alikuwa na aina mbili za Streptomyces griseus, moja kutoka katika udongo wenye samadi nyingi na nyingine kutoka kooni mwa kuku, zote zikitoa kemikali isiyojulikana hapo awali. Aliziba mrija mmoja wa vijiumbe hao, akampelekea mama yake kama zawadi. Makala ya kwanza kuhusu streptomisini ilichapishwa Januari 1944 kwa majina ya Schatz, Elizabeth Bugie na Waksman, kwa mpangilio huo. William Feldman na Corwin Hinshaw wa Mayo Clinic waliijaribu kwa panya-buku, na mwishoni mwa mwaka huohuo dawa ikamfikia binadamu wa kwanza mwenye kifua kikuu.

Yaliyofuata hayampambi Waksman. Hataza ya dawa ilitolewa mwaka 1948 kwa majina yake na ya Schatz, nao wawili waliihamishia kwa wakfu wa chuo. Schatz alisadiki kwamba hakuna kati yao aliyekuwa akifaidika, ilhali Waksman alikuwa amekwisha kupokea takriban dola 350,000 za mrabaha kwa mapatano ambayo mwanafunzi wake hakuyajua. Katika hotuba na mahojiano jina la Schatz lilizidi kufifia. Mwaka 1950 Schatz alikwenda mahakamani, na kabla mwaka huo haujaisha kesi ilimalizwa kwa mapatano: alitambuliwa kisheria kuwa mvumbuzi mwenza na kupewa asilimia 3 ya mrabaha, naye Waksman akabaki na asilimia 10. Hata hivyo, Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1952 alipewa Waksman pekee. Inafaa kusemwa vilevile kwamba sehemu kubwa ya fedha za streptomisini ilijenga taasisi ya elimu ya vijiumbe huko Rutgers, iliyofunguliwa mwaka 1954, na kwamba nusu ya mapato yake binafsi Waksman aliyatoa kuanzisha wakfu wa taaluma hiyo. Rutgers ilimtunukia Schatz nishani mwaka 1994, nusu karne baada ya makala ile. Alifariki mwaka 2005.

Wakati wawili hao wakigombania sifa, dawa yenyewe ilikuwa imeanza kuonyesha udhaifu. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliijaribu kati ya mwaka 1946 na 1948 kwa wagonjwa 107 waliogawanywa kwa bahati nasibu: 55 walipata streptomisini pamoja na kitanda, 52 wakapata kitanda tu. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika la pili. Hapo ndipo wasimuliaji wengi hukomea. Lakini baada ya miaka mitano zaidi ya nusu ya wale waliochomwa sindano walikuwa wamekufa pia. Makohozi yao yalikuwa na bakteria ambao streptomisini haikuwadhuru tena.

Dawa haikuwafundisha bakteria hao usugu. Ndani ya tundu la pafu bovu huwamo bakteria kwa makumi ya mamilioni, na miongoni mwao huwapo wachache waliozaliwa na hitilafu ndogo katika kanuni zao za urithi. Dawa huwaua wenzao na kuwaachia uwanja. Kwa sababu hii mwaka 1950 ilithibitishwa kwamba streptomisini itolewe pamoja na dawa nyingine, maana si rahisi bakteria mmoja azaliwe na hitilafu mbili zinazofaa kwa mkupuo mmoja. Mantiki hiyo ilifika hadi Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio yaliyoendeshwa kwa ushirikiano na baraza lilelile la Uingereza, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1972 yalionyesha kuwa streptomisini na isoniazidi zikiongezewa rifampisini au pirazinamidi zingeweza kumponya mgonjwa kwa miezi sita badala ya mwaka mmoja na nusu au zaidi. Tiba ya muda mfupi ambayo ulimwengu uliizoea baadaye ina mzizi katika hospitali za eneo hili.

Je, hitilafu hiyo ilikuwa wapi? Katika miaka ya 1960 ilidhihirika kwamba streptomisini huishambulia ribosomu, yaani kiwanda kidogo kilichomo katika kila seli ambacho husoma ujumbe wa jeni na kuunda protini. Dawa huifanya ribosomu isome vibaya. Mwaka 1969 maabara ya Masayasu Nomura ilionyesha kuwa bakteria sugu waliochunguzwa hapo walikuwa wamebadilika protini moja ya ribosomu, ile ya S12. Waksman aliishi kuyasikia hayo. Alifariki tarehe 16 Agosti 1973 katika jimbo la Massachusetts na kuzikwa Woods Hole, mahali alipokuwa akifanyia utafiti wa bakteria wa bahari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wakati wa kifo chake wataalamu wengi walizihesabu protini kuwa ndizo wafanyakazi wa ribosomu, na RNA iliyomo humo kuwa kiunzi tu cha kuzishikilia.

Ukweli uligeuka kuwa kinyume. RNA ndiyo ifanyayo kazi kuu. Ni uzi mmoja wa herufi nne, A, G, C na U; katika sehemu ndogo ya ribosomu ya bakteria wa matumbo, E. coli, uzi huo una herufi 1542. Haulali umenyooka. Hujikunja na kujishika wenyewe, A ikishikana na U, G ikishikana na C, hadi kukatokea mashina, vitanzi na mafundo. Mwanafunzi wa sarufi ataielewa hali hii upesi akiukumbuka upatanisho wa ngeli. Mtu akisema kiti kimevunjika, au viti vimevunjika, amesema sawa. Akisema viti kimevunjika, msikilizaji hukwama, ijapokuwa kilichobadilika ni kiambishi kimoja. Ndivyo ilivyo katika mashina ya RNA: herufi ya upande mmoja ikibadilika bila mwenzake kubadilika, shina hulegea. Wakibadilika wote wawili, G-C ikawa A-U, shina husimama kama kawaida. Carl Woese na Harry Noller walitumia mabadiliko hayo ya jozi kwa jozi katika viumbe mbalimbali kuchora namna uzi mzima unavyojikunja, na mchoro wao wa mwaka 1980 ulikuja kuthibitishwa kwa sehemu kubwa na picha za miale ya eksirei.

Mwaka 1993 watafiti walichunguza bakteria wa kifua kikuu waliokuwa sugu kwa streptomisini. Wengi walikuwa na mabadiliko katika S12, kama ilivyotarajiwa. Baadhi, hata hivyo, walikuwa na protini nzima kabisa, na hitilafu ilikuwa herufi moja tu ya RNA. Mahali penyewe ni kitanzi kilicho karibu na nafasi ya 530, kwa hesabu ya E. coli, ambapo uzi hurudi nyuma na kujifunga fundo: herufi za 524, 525 na 526 hushikana na zile za 507, 506 na 505. Katika fundo hilo C ya 526 imeshikana na G ya 505. C hiyo ikigeuka kuwa U, jozi haivunjiki kabisa, kwani G na U huweza kushikana, ila kwa ulegevu. Ulegevu huo unatosha. Ribosomu bado inasoma ujumbe wake na bakteria anaishi, lakini dawa haipati tena mshiko. Mwaka 2000 kundi la Venkatraman Ramakrishnan lilipopata picha ya streptomisini ikiwa imekaa ndani ya ribosomu, sababu ilionekana: dawa imegusana na sehemu nne tofauti za uzi wa RNA pamoja na S12. Ni kama mtu aliyejishikiza kwa vidole vitano katika ufa wa jiwe. Ufa ukipanuka kidogo, anaanguka.

Kwa nini hitilafu ya aina hii ionekane kwa bakteria wa kifua kikuu na si kwa kila bakteria? E. coli ana nakala saba za jeni ya RNA hiyo. Nakala moja ikiharibika, sita zilizobaki huendelea kuunda ribosomu zinazonaswa na dawa, na bakteria hufa. Bakteria wa kifua kikuu ana nakala moja tu. Kinachobadilika hapo hubadilisha ribosomu zake zote. Adui ambaye Schatz alimchagua katika kile chumba cha chini alikuwa, bila yeyote kujua, miongoni mwa wale ambao herufi moja ingewatosha.

Kisa kingine kinahusu dawa ya pili ya Waksman. Mwaka 1949 yeye na Hubert Lechevalier walitangaza neomisini, ambayo kwa ukali wake hutumiwa zaidi katika malhamu za kupaka. Neomisini hukaa katika shina jingine la RNA hiyohiyo, na hapo herufi ya 1408 ina uzito wa pekee. Kwa bakteria ni A. Katika ribosomu za kawaida za binadamu, mahali hapohapo pana G, na G haiikaribishi dawa. Bakteria anayebadilisha A hiyo kuwa G huwa sugu papo hapo. Bakteria wa kifua kikuu walioshinda kanamisini na amikasini, ndugu za neomisini, mara nyingi wamefanya hivyo. Herufi inayomlinda mgonjwa dhidi ya dawa yake ndiyo hiyohiyo inayomlinda kiini cha ugonjwa.

Lakini binadamu ana ribosomu za aina mbili. Zile zilizomo katika mitokondria, vyumba vya nishati vya seli, zinafanana zaidi na za bakteria. Tangu siku za Feldman na Hinshaw ilijulikana kwamba streptomisini huweza kuharibu sikio la ndani, mgonjwa akapoteza mizani ya mwili au usikivu. Kilichoshangaza ni familia ambamo watu waliziwika kwa dozi ndogo tu. Mwaka 1993, mwaka uleule, sababu ilipatikana katika nafasi ya 1555 ya jenomu ya mitokondria. Kwa kawaida pana A, inayotazamana na C bila kushikana nayo. Kwa watu hao A imekuwa G. G na C zikashikana, shina likarefuka kwa jozi moja, na ribosomu ya binadamu ikachukua umbo la ile ya bakteria. Dawa haikuweza tena kuzitofautisha.

Mitokondria hurithiwa kwa mama. Mwenye hitilafu hiyo ameipata kwa mama yake, naye mama kwa bibi. Dada zake wanayo, mama mkubwa na mama mdogo wanayo, na watoto wao wanayo. Mjomba anayo, ila watoto wa mjomba hawana. Katika familia kama hizo wapo wanaosikia vyema miaka yote hadi wanapochomwa sindano. Swali la kuulizwa kabla ya sindano ni rahisi: je, upande wa mama, kuna aliyewahi kuziwika baada ya kutibiwa?